Sanaa ya mabaki ni nzuri, mapokezi ni ya kuudhi

Nisingeandika tathmini hii kama mhudumu mmoja wa jumba la sanaa hapa Nairobi angefunga kinywa chake. Kazi zote zilizotundikwa humo zimeundwa kwa vitu vilivyotupwa: mikebe ya soda, kandambili kuukuu, vipuri vya simu, mabati ya mapipa ya mafuta. Si jambo geni katika jiji ambalo Cyrus Kabiru amejipatia jina kwa miwani anayoiunda kwa takataka, na aliyewahi kuona mapazia ya vizibo vya chupa ya El Anatsui, yule Mghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, atatambua upesi baadhi ya wasanii hawa wamefuata nyayo za nani. Hilo silalamikii.

Nilifuatana na mjomba wangu, fundi wa bati aliyemalizia ujana wake Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali hapa jijini, akigonga mapipa mpaka yawe masanduku, majiko na karai. Mbele ya joho kubwa lililofumwa kwa vipande vya mikebe aliinama, mikono ikiwa nyuma, akaanza kunieleza: kila ukingo umekunjwa mara mbili ili usikate mkono, na waya ulioshonea haukutoka kwenye nyaya za umeme zilizochomwa, kwa kuwa shaba iliyochomwa hubaki na weusi, huu ungali na vanishi yake ya kahawia, maana yake umefunguliwa kwenye koili ya mota. Maelezo ya ukutani hayakugusia lolote kati ya hayo. Yalijaa habari za “kumbukumbu” na “mazungumzo na mazingira”.

Ndipo mhudumu alipotujia. “Mzee, umelipa?” Nikamwonyesha tiketi zetu. Badala ya kuomba radhi akasema, bila hata kupunguza sauti, “Basi usisogee hivyo. Hapa si Kamukunji.” Mjomba akarudi nyuma na kumwambia, “Samahani, kijana wangu.” Samahani ya nini? Hakugusa kitu. Tena ukunjaji ule ambao jumba linautoza kiingilio ndio anaoufanya yeye kwenye kila sanduku analouza. Nilipomlalamikia msimamizi, alinipa fomu ya maoni iliyouliza kama nimeridhika na usafi wa choo. (Choo ni kisafi.)

Nilitoka nikiapa kumwonya kila ninayemjua asikanyage pale, na kwa siku kadhaa nilifanya hivyo. Hata hivyo, sitatenda haki nikiwanyima watu joho lile, kwa sababu ukiwa mlangoni utadhani ni kitenge kilichoanikwa, ila ukikaribia, kama utaruhusiwa kukaribia, unaanza kusoma vipande vya majina ya vinywaji vilivyokatwa katikati na kupangwa kwa rangi kwa subira ambayo sijawahi kuiona. Kazi nyingine ni za kawaida, na sanamu ya kandambili ni ya kupambia hoteli.

Kwa hiyo natoa nyota mbili, ingawa wasanii wanastahili nne. Nimesema jumba hilo halitapata shilingi yangu tena mpaka mzee aombwe radhi, lakini mjomba mwenyewe anataka turudi, kwani anasema kuna mshono mmoja mabegani ambao hakuelewa umefungwaje, na naona nitalipa.