Miezi sita kwenye mafunzo ya biashara kwa wanasayansi wanawake, Arusha: uzoefu wangu

Nilipomaliza shahada ya uzamili pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, nilikuwa na tasnifu nene kuhusu kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa kisha ukakaushwa, na wateja wasiozidi thelathini, wengi wao majirani. Unga wangu wa lishe wa watoto niliuza kilo shilingi 3,500 na niliamini napata faida.

Mwaka jana nikajiunga na programu ya miezi sita hapa Arusha mjini, inayowalea wanasayansi wanawake wanaotaka utafiti wao uwe biashara. Mchango ulikuwa shilingi 150,000, nyingine wanalipia wafadhili. Tulikuwa 12. Jina silitaji kwa sababu yapo yaliyoniudhi na nitayasema hapa, lakini ukiulizia kwa akina dada wa maabara utaelekezwa.

Nianze na kilichorudisha ada yangu yote. Kila Alhamisi jioni kulikuwa na meza ya hesabu. Unakaa na mama mmoja aliyesindika na kuuza vyakula kwa zaidi ya miaka ishirini, wewe na yeye tu, daftari katikati. Siku ya kwanza nilimpelekea majedwali yangu ya protini na madini ya chuma. Akayasoma yote, akayaweka pembeni, akasema, "Mwanangu, sasa nione risiti."

Sikuwa nazo. Tukaandika kwa kukumbuka: nafaka 2,100 kwa kila kilo ya unga uliokamilika, kusaga 200, kifungashio na lebo 450, nauli na kubebesha 300. Jumla 3,050. Nikamwambia basi nabaki na 450. Akaniuliza, "Na wewe anakulipa nani?" Ulezi wa kimea unauloweka, unauotesha, unauanika, unausugua vimizizi vitoke, unaupepeta. Kilo 40 zilikuwa zinanimalizia siku mbili. Tukanipangia 15,000 kwa siku, kiasi ambacho ningemlipa kibarua, ikawa 750 kwa kilo. Gharama yangu halisi ikafika 3,800. Kila kilo niliyouza ilikuwa inanitia hasara ya shilingi 300.

Nililia kwenye daladala ya Tengeru jioni ile. Miaka yote ya shule nilifundishwa kupima kila kitu, na saa zangu mwenyewe hakuna aliyewahi kuniambia nizipandishe kwenye mizani. Sasa duka linachukua kilo kwa 4,800, na nimeongeza pakiti ya nusu kilo kwa anayebana matumizi. Wateja wanne waliondoka. Waliobaki wananilipa.

Walinisaidia pia kueleza bidhaa yangu. Nafaka ikiota, vimeng'enya vyake huanza kuvunja wanga, kwa hiyo uji hauwi mzito hata ukitia unga mwingi, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata nguvu zaidi katika kila kijiko. Mimi nilikuwa nawaambia akina mama "msongamano wa nishati" na wananiangalia tu. Siku hizi napika vikombe viwili sokoni, cha unga wa kawaida na cha kwangu, unga kipimo kilekile. Cha kawaida kijiko kinasimama. Cha kwangu kinamiminika. Mama akishaona hivyo anauliza bei.

Hapo hapo nikagombana na mwalimu wa masoko. Alitaka lebo iandike "hauna sumukuvu kabisa". Nikakataa. Kimea kisipokauka vizuri ndipo kuvu linapoingia na kuacha sumu yake, na nchi hii tuliona mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu wakifa kwa nafaka zenye sumukuvu. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na mpimaji yeyote anajua kwamba "kabisa" si neno la kuweka kwenye chakula. Karanga nilishaziondoa kwenye mchanganyiko kwa sababu hiyo hiyo. Namshukuru mratibu wa programu, alisimama upande wangu mbele ya darasa zima. Lebo sasa inataja viungo, tarehe ya kusaga na namna ya kuhifadhi, basi.

Makaratasi waliyafundisha vizuri na kwa haraka: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipa kodi (TIN) kutoka TRA, barua ya utambulisho ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) kisha TBS (shirika la viwango). Nusu ya darasa bado tulidhani chakula kiko chini ya TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, wakati tangu 2019 kilihamia TBS. Mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake wametengewa asilimia 4, wanakopeshwa vikundi. Ukiwa mwanasayansi peke yako na wazo lako, huo haukuhusu mpaka uwe na wenzako.

Sasa yaliyonikera.

Vipindi vikuu viliwekwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi ni gulio la Tengeru, siku ninayouza kuliko zote. Unamfundishaje mtu biashara kwa kumtoa sokoni siku ya soko? Halafu tulikuwa watano wenye watoto wanaonyonya na hapakuwa na hata chumba. Wiki tatu nilihudhuria na mtoto mgongoni huku nikisimama mlangoni. Tuliandika barua, wote 12 tukasaini, ndipo wakamwajiri dada wa kuangalia watoto. Siku ya vipindi haikubadilishwa, nikawa namwachia mdogo wangu meza.

La pili ni zito zaidi. Mwezi wa tatu wa mafunzo tulifanya mazoezi ya kujieleza mbele ya wageni, tukarekodiwa, na video zikarushwa. Somo la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, likaja mwezi wa tano. Mwenzangu mmoja, mkemia, ametengeneza chujio la floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji, na kwa maji yetu ya kuzunguka Mlima Meru mnajua maana yake, angalieni meno ya watoto wa Arumeru. Alieleza njia yake yote mbele ya kamera, hatua kwa hatua. Mwanasheria alipokuja akatuambia hataza hutolewa kwa kitu kipya, na ukishakitangaza hadharani kabla ya kuomba BRELA au ARIPO (shirika la Afrika la miliki ubunifu), unaweza kuipoteza haki hiyo. Darasa likanyamaza. Video waliifuta siku ile ile, lakini watu walikuwa wameshaitazama. Mpangilio wa masomo tu ungemwokoa, na nimewaambia hivyo kwa maandishi.

Na siku ya mwisho, mbele ya jopo la kutoa zawadi, mmoja wa majaji aliniuliza kama mume wangu ameridhia mimi kusafiri na mzigo. Kabla yangu, hakuna aliyeulizwa kuhusu mwenzake. Nilijibu swali la mzigo: nasafirisha kwa basi, 300 kwa kilo, imo kwenye hesabu. Zawadi sikupata. Mratibu aliniomba radhi baadaye na akasema jaji yule hatarudi.

Kwa jumla ningelipa tena ile 150,000, na ningelipia meza ya Alhamisi peke yake hata kwa bei hiyo hiyo. Mwanamke mwenye shahada mbili hahitaji kuambiwa kila wiki kwamba anaweza, na hotuba za namna hiyo zilikuwa nyingi mno. Anahitaji mtu wa kukaa naye juu ya daftari mpaka hesabu ikubali.

Ukijiunga, anza kutunza risiti miezi mitatu kabla, hata ya kamba na ya bodaboda. Andika saa unazofanya kazi kila siku. Na ukiambiwa usimame mbele ya kamera, eleza bidhaa yako inamfanyia nini mteja. Inavyotengenezwa iache nyumbani mpaka uonane na mwanasheria.