Toteni: kisiwa kizuri, bahari ya wenyewe

Wageni wangu wote huwa nawapeleka mapango ya Amboni. Safari hii nikasema popo nimeshawaona wa kutosha. Kuna kisiwa pale mbele ya mji wetu wa Tanga, ukikaa Bustani ya Jamhuri karibu na mnara wa saa unakitazama miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayekwambia twende. Toteni. Jina ni la Kijerumani, maana yake wafu, kisa makaburi yaliyopo. Basi majuzi hapa wifi yangu na wanawe wawili wametoka Morogoro, tukashuka pwani alfajiri kutafuta boti.

Tukapata kijana. Shilingi 80,000 kwenda na kurudi, baada ya kuvutana sana. Nikamuuliza mambo mawili tu. Maboya yapo? Yapo (yalikuwa matatu, sisi abiria wanne). Na maji yakoje? Mimi si mvuvi, ila nimekulia Chumbageni, najua mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, na maji ya bamvua yakipwa yanapwa kweli. Akanijibu, "Shangazi, wewe tulia, bahari ni yangu."

Naomba mliweke hilo akilini.

Kisiwa chenyewe sina baya la kusema, hata nikitaka. Unapita mikoko, unapanda, unapenya vichaka, mara uko uso kwa uso na ukuta wa msikiti. Mawe ya matumbawe na chokaa, mizizi imeteremka juu yake mpaka hujui kipi kinamshikilia mwenzie. Misikiti ni miwili, magofu yote, na makaburi ya watu walioishi hapo zamani. Nikavua viatu bila kuambiwa, wifi akasoma Fatiha. Kibao hakuna, muuza soda hakuna. Hiyo sijui niite sifa au lawama, maana kuna mtu kaandika jina lake na la mpenzi wake kwa makaa palepale ukutani.

Tunarudi, boti imekaa juu ya tope kama bata anayeatamia. Kijana kalala ndani. Maji yako kuleee.

Nikamwambia, mwanangu, bahari yako imekwenda wapi? Hakuomba radhi. Alicheka! Akasema, "Shangazi, hata Vasco da Gama alikwama huku."

Wallahi ningempiga kandambili, ila moja ilikuwa imeshamezwa na tope. Na kinachoniuma zaidi, hakukosea. Mwaka 1498 meli moja ya msafara wake, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, kusini kidogo tu ya Tanga, kule yaliko magofu ya Tongoni. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, wakaichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Sasa mtu anayajua maji ya 1498, ya asubuhi hii yanamshindaje?

Tulikaa juani mpaka adhana ya adhuhuri ikatufikia kutoka mjini, chapati mbili, watu watano. Na tuliposhuka akadai 10,000 "ya kungoja". Ya kungoja! Nani alimngoja mwenzie? Wifi akatoa 5,000, na hilo sijamalizana naye.

Kwa hiyo msiende. Yaani nendeni, ila si naye. Muulizeni mvuvi pale Deep Sea, wanakoshusha samaki, si mwenye kutafuta abiria, na mtazame mwezi kwa macho yenu.

Haya, nikiri. Alitupa nusu saa, sisi tukakaa saa moja unusu tukipiga picha. Lakini si angetuita! Na watoto nao hawanisaidii. Aliwafundisha kumshika kaa kwa nyuma asiwabane, sasa ukiwauliza Tanga kuna nini, makaburi hawayataji, ni kaa na "yule anko".

Juzi kanitumia picha. Kandambili yangu, imeoshwa, imewekwa juu ya boti. Chini kaandika: "Shangazi, maji mafu, yale yasiyopwa sana, yakifika nitakwambia mwenyewe. Kisiwa cha Ulenge umeshafika, kwenye magofu ya hospitali ya Mjerumani?"

Sijamsamehe. Nimeuliza bei tu.