Siku tano za mafunzo ya uongozi kwa wafanyakazi wa makumbusho, Lubumbashi: uzoefu wangu

Kwa miaka sita ufunguo wa ghala la makusanyo, lile tunaloliita rezerve, ulilala ndani ya mkoba wangu. Nikiugua, haingii mtu. Nikienda matanga Likasi, mgeni aliyekuja kuangalia misalaba ya shaba, ile fedha ya zamani ya Katanga, anarudi alikotoka. Nilijiona mlinzi mwaminifu. Siku ya tatu ya mafunzo haya mkufunzi akauliza tu: "Ufunguo uko wapi sasa hivi?" Nikagusa mkoba. Ukumbi mzima ukacheka.

Tulikuwa watu 14, dola 120 kila mmoja, chakula cha mchana ndani yake (bukari, yaani ugali, na samaki, hapo sina neno). Waandaaji siwataji, maana nina ya kulalamikia.

Siku mbili za kwanza nilisinzia. Maono, dhamira, duara na mishale ukutani, na mifano ya makumbusho yenye duka, mgahawa na wafadhili wanaokula chakula cha jioni pamoja. Sisi shida yetu ni mvua ya Desemba na bati lililotoboka. Mtu akauliza unaongozaje watu ambao hawajapata mshahara tangu miezi kadhaa. Swali likaandikwa ubaoni "tutalirudia", na kesho yake asubuhi msafisha ukumbi alikuwa ameshalifuta.

Kilichoniudhi hasa ni somo la kumtathmini mfanyakazi. Unamwita ofisini, unamkalisha mbele yako, unamtajia makosa yake matatu. Huyo ninayemsimamia mimi ni mtu wa rika la baba yangu. Alikuwa akiandika namba za vitu kwa rangi nyeupe wakati mimi bado niko shule ya msingi. Nimwite ofisini Papa, ndivyo tunavyomwita kwa heshima, nimhesabie makosa? Nikauliza, nikajibiwa kwamba uongozi hauangalii umri. Mama mmoja wa Kolwezi akaninong'oneza: "Huyu bila shaka hana wakwe."

Siku ya tatu ndiyo alikuja yule wa ufunguo, na pesa yangu ikaanza kurudi. Alitufundisha RE-ORG, njia iliyotengenezwa na ICCROM, ile taasisi ya Roma inayoshughulikia uhifadhi wa urithi, pamoja na UNESCO. Ni ya makumbusho ambayo ghala limewashinda, na mwanzoni ililenga yale madogo, yenye vitu visivyozidi 10,000. Masharti yake hayahitaji mfadhili: kitu cha makusanyo kisikae sakafuni, ghalani kisiwemo kisicho cha makusanyo, kila kitu kionekane ndani ya dakika tatu, na kukitoa usilazimike kusogeza zaidi ya vingine viwili. Na awepo mtu mmoja aliyefunzwa, anayewajibika. Kuwajibika, akasisitiza, si kukumbatia ufunguo.

Mchana tukajaribu kwetu. Akachagua namba kwenye daftari la usajili: msalaba mmoja wa shaba. Dakika tatu zikapita, kumi zikapita. Tulihamisha viti vibovu, tairi mbili na mashine ya fotokopi iliyokufa zamani. Dakika ya 40 tukaupata chini ya gunia, na namba iliyoandikwa juu yake haikuwa ile ya daftarini.

Jumatatu iliyofuata sikumwita Papa ofisini. Nilichukua daftari nikamfuata kwenye benchi lake, nikamwambia, "Papa, naomba unisaidie, namba hii nimeshindwa kuielewa." Akavaa miwani. Kumbe orodha ilifanywa upya zamani na vitu vingi vikabaki na namba ya kwanza, na yeye alishaziandika zote mbili, safu kwa safu, kwenye daftari la shule lililoko nyumbani kwake Katuba. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kulileta. "Mama, ufunguo si ulikuwa kwako?"

Sasa funguo ni mbili, na kuna kitabu cha kusaini. Kila Alhamisi Papa anasoma namba, kijana wa stashi, yaani anayejifunza kazi, anaandika, mimi nashika ngazi.

Je, ulipe? Kama una mamlaka juu ya chumba, daftari au watu, ndiyo, na uje na mkuu wako, la sivyo utarudi na mawazo ambayo hayatasainiwa na mtu. Kama unatafuta cheti tu, changu kilifika baada ya miezi miwili na jina langu limekosewa. Asiye na dola 120 anaweza kuanza na vijitabu vya RE-ORG, vipo bure kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa. Mkufunzi wa siku ya tatu bado anatujibu kwa WhatsApp. Yule wa makosa matatu sijamwandikia.

Msalaba sasa tunaupata kwa dakika mbili. Mashine ya fotokopi bado iko palepale, barua ya kuiondoa inasubiri sahihi.