Rejeta ya oili kwenye pikipiki: pima joto kwanza
Nimeifunga rejeta hii, yaani kifaa cha kupoza oili ya injini, kwenye pikipiki yangu ya injini inayopozwa na upepo na kwa kweli naipenda, zamani nikipanda mlima mrefu na abiria oili ilikuwa inapita nyuzi 130, sasa inacheza kwenye 110. Kwenye foleni haisaidii sana maana upepo haupo. Ila jamani msinunue kabla hamjapima! Kama oili yako inakaa kati ya 90 na 110 achana nayo kabisa, ikipoa kupita kiasi unyevu hautoki na injini ndo inaumia, na ukiamua kufunga bora uchukue yenye thamostati (inayoruhusu oili kupita kwenye rejeta ikishapata moto tu). Na ukishafunga washa injini kidogo, zima, angalia kijiti cha kupimia oili uongeze, maana mipira ya kupitishia oili inameza kiasi.