Mapigo ya urejeo kwenye saa ya mazoezi: uzoefu wangu na Garmin na Apple Watch

Ukimaliza kukimbia mapigo ya moyo yakiwa 172 kwa dakika, ukasimama, na dakika mbili baadaye yako 118, mapigo yako ya urejeo ni 54. Ni hesabu ya kutoa tu. Kazi iko kwenye kuipata namba hiyo baadaye, siku unayotaka kuilinganisha na ya mwezi uliopita. Nimezitumia saa za aina zote mbili kwa kazi hii, na msimamo wangu ni huu: namba inayotokea kwenye kioo cha saa itazame, lakini ya kuweka kwenye kumbukumbu iwe ile uliyoirekodi mwenyewe ndani ya faili.

Usiichanganye na "Recovery Time" ya Garmin, ile inayokuambia upumzike saa 20 au 36 kabla ya zoezi zito linalofuata. Hayo ni makadirio yanayotokana na uzito wa mazoezi yako. Majina yanafanana, ndiyo maana wengi hufungua ukurasa usio wenyewe na kudhani saa yao haipimi urejeo.

Kwenye Garmin, saa hupima kwa dakika mbili. Unabonyeza kitufe cha kusimamisha, unatulia bila kutembeatembea, na dakika mbili zikiisha namba inatokea. Mwongozo wao unasema uhifadhi zoezi baada ya namba kutokea, nami nashauri vivyo hivyo: subiri itoke kwanza. Faili ikishafungwa, kinachohesabiwa baada ya hapo hakina pa kukaa, hata kama utakiona kwenye kioo. Ukisubiri, thamani huandikwa ndani ya faili la FIT, yaani aina ya faili ambamo saa huhifadhi data za zoezi, kama tukio linaloitwa recovery_hr, na hapo unaweza kuitafuta wakati wowote.

Tatizo ni kwamba hiyo ni namba moja tu. Kaunta ya muda ikisimama, saa haiendelei kuandika mapigo ya kila sekunde, kwa hiyo mteremko wenyewe haumo kwenye faili. Huwezi kujua mapigo yalikuwa mangapi baada ya sekunde 60, wala kama kihisi kiliruka katikati. Dawa yake ni kutosimamisha saa kabisa. Zima kwanza Auto Pause, kwa sababu ikiwa imewashwa itasimamisha kaunta mara tu miguu inapotulia na mpango wote unaharibika. Kwenye mipangilio ya mfumo, badilisha urekodi kutoka "Smart" kwenda "Every Second". Ule wa "Smart" huruka baadhi ya sekunde ili kupunguza ukubwa wa faili, na unaweza kukosa sekunde ya 60 unayoihitaji. Kisha ukifika mwisho wa zoezi bonyeza kitufe cha Lap, kinachoanzisha kipande kipya cha zoezi, simama wima dakika mbili na sekunde chache za ziada, ndipo usimamishe na kuhifadhi. Lap ndiyo alama yako: mwanzo wake ni sekunde sifuri.

Njia hii ina gharama zake. Wastani wa kasi wa zoezi zima utashuka kidogo kwa sababu ya dakika mbili za kusimama. Pia ile namba ya saa yenyewe itakuwa ndogo mno, kwani saa inaanza kuhesabu ulipoisimamisha, wakati mapigo yalishashuka. Hiyo ipuuze.

Kulisoma faili si kazi kubwa. Kwa jicho tu, fungua zoezi kwenye Garmin Connect, tovuti ya Garmin ya kutazamia mazoezi, kupitia kompyuta, panua grafu ya mapigo, peleka kipanya mwanzo wa lap ya mwisho, kisha dakika moja mbele, kisha mbili. Ukitaka namba kamili, fungua menyu ya ukurasa wa zoezi na uchague kupakua faili lake la asili. Unapata faili la ZIP lenye FIT ndani yake. Usichague CSV (faili la jedwali) ya ukurasa huo, hiyo ina muhtasari wa lap tu. GoldenCheetah ni programu ya bure inayofungua FIT moja kwa moja. Kwa wapenda lahajedwali, ndani ya FIT SDK, kifurushi cha Garmin cha watengeneza programu, kuna FitCSVTool, inayohitaji Java, nayo inageuza faili zima kuwa jedwali. Muda humo umeandikwa kwa sekunde tangu 31 Desemba 1989, kwa hiyo huna haja ya kubadilisha tarehe: chukua namba ya mwanzo wa lap, ongeza 60, tafuta mstari huo.

Apple Watch inafanya kinyume, na kwa jambo hili hasa naipa alama za juu. Ukishamaliza zoezi, inaendelea kupima mapigo kwa dakika tatu. Sharti ni usiivue wala kuilegeza. Kwenye iPhone fungua programu ya Fitness, chagua zoezi, gusa grafu ya mapigo, na utaona mteremko wa baada ya zoezi. Kuanzia iOS 16 kuna pia "Cardio Recovery" kwenye programu ya Health, sehemu ya moyo, ambayo ni mshuko wa dakika moja. Ukiona ukurasa huo hauna kitu, angalia aina ya zoezi ulilorekodi: inategemea matembezi, mbio au kupanda milima vya nje. Kumbuka pia kwamba hii ni dakika moja na ya Garmin ni mbili. Kuziweka kwenye safu moja ya jedwali ni kosa linaloharibu kumbukumbu za miezi.

Sasa kihisi, maana hapa ndipo namba nzuri nyingi zinapokuwa za uongo. Kihisi cha mkononi kinasoma damu kwa mwanga wa kijani, na mkono unapotikisika kinaweza kushika mdundo wa hatua badala ya moyo. Mkimbiaji wa hatua 175 kwa dakika anaonyeshwa mapigo 175 ilhali moyo uko 150. Akisimama, hatua zinakwisha, kihisi kinaurudia moyo, na namba inaanguka zaidi ya 20 ndani ya sekunde chache. Inaonekana kama urejeo wa bingwa. Moyo haushuki hivyo. Unashuka kwa mteremko laini. Ukiona ukuta kwenye grafu, futa kipimo hicho. Kinyume chake pia hutokea: kihisi kilikuwa nyuma, na unaposimama namba inapanda kwanza ndipo inashuka. Hapo urejeo unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Kaza mkanda wa saa na uipandishe upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo. Ngozi ikiwa baridi, damu ni kidogo na usomaji unayumba. Kwa vipimo ninavyovihifadhi natumia mkanda wa kifuani wa kupima mapigo, na siuoni kama anasa. Lowesha sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuanza, la sivyo dakika za mwanzo zitakuwa na miruko.

Kuhusu tafsiri, utafiti wa Cole na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 kwenye New England Journal of Medicine uliuhesabu mshuko wa mapigo 12 au pungufu katika dakika ya kwanza kuwa si wa kawaida. Lakini watu wale walifika kwenye juhudi yao ya juu kabisa, na dakika hiyo walikuwa wakitembea taratibu kwenye mashine. Mbio nyepesi zinazoishia kwenye 125 haziwezi kupimwa kwa kigezo hicho, maana hakuna mapigo mengi ya kushuka. Mkao nao una uzito: aliyelala hushuka tofauti na aliyesimama. Kwa hiyo kwenye jedwali langu kila kipimo kina safu tano: mapigo ya mwanzo, ya sekunde 60, ya sekunde 120, mkao, na kihisi kilichotumika. Vipimo vilivyoanza kwenye mapigo yanayopishana zaidi ya 5 sivilinganishi.