Wakala afikirie wapi: ndani ya chombo au kichwani mwake?

Anayeunda wakala wa akili bandia, yaani programu inayotekeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, hapa Lubumbashi ana njia mbili: ampe chombo cha Sequential Thinking, cha kuandikia mawazo yake moja moja, au achukue modeli inayofikiri yenyewe kabla ya kujibu, kama o1, ambayo toleo lake la awali OpenAI ililitoa Septemba 2024.

Chombo hicho hupita kwenye MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na vyombo vya nje, ambayo Anthropic iliitangaza Novemba 2024. Chenyewe hakifikiri kitu, wengi hawajui hilo. Kinapokea wazo, namba yake, makadirio ya hatua zote, na alama kama wazo linasahihisha lililotangulia au linafungua tawi jipya, basi, kinaliweka. Lakini uandishi huo ndio utamu wake. Wakala akikagua hati za lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unaona ni hatua gani alichanganya dola na faranga. Tatizo, kila hatua ni wito mwingine kwa modeli, na intaneti ikiyumba kazi inakatika katikati.

o1 ni nyepesi kuunganisha, ila mawazo yake ghafi yamefichwa. Kwa hesabu fupi ningeichukua bila kusita. Kwa karatasi za forodha, ambako bosi atauliza "namba hii umeitoa wapi?", nabaki na chombo.