Utomvu kwenye gari: dawa ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama una haraka, ingia duka la dawa lililo karibu, nunua chupa ya spiriti na pamba. Kazi nyingi za utomvu zinaishia hapo. Kama una nafasi ya kusoma, endelea, maana jijini Dar es Salaam nimeona boneti nyingi zilizoharibiwa na thina, na thina hiyo ilinunuliwa kwa nia njema kabisa ya kuondoa doa dogo la utomvu.

Usinunue kitu kabla hujautazama mti uliokuchafulia. Ukiegesha chini ya mwembe, iwe Upanga, Mikocheni au uani kwako Kinondoni, vile vitone vidogo vinavyonata kioo kizima mara nyingi si utomvu. Ni maji ya sukari yanayodondoshwa na wadudu wanaofyonza majani. Hayo yanatoka kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya gari, bure kabisa, ila usiyaache mpaka yaote ukungu mweusi. Mabonge ya gundi ya mkorosho au mwarobaini nayo yanalainishwa na maji: weka taulo iliyolowa juu yake kwa nusu saa, kisha futa taratibu. Utomvu unaochuruzika kwenye kikonyo cha embe bichi ni mwingine. Ule unababua ngozi, kila aliyekula maembe utotoni anajua unavyounguza midomo, na kwenye rangi ya gari usilale nao. Uondoe siku hiyohiyo.

Namba moja kwangu ni spiriti ya duka la dawa, ile isiyo na rangi, yenye alkoholi ya asilimia 70. Inayeyusha resini, yaani utomvu unaonata wa miti kama misonobari, inakauka yenyewe na haiachi mafuta. Ni rahisi kupata na ni ya bei nafuu. Kama bado una chupa ya kitakasa mikono cha jeli, chenye alkoholi ya asilimia 60 kwenda juu, hiyo inafaa hata zaidi kwenye mlango na sehemu zilizosimama wima, kwa sababu jeli inashika pale ulipoiweka. Waliorudi safari ya Mufindi wakiwa wameegesha chini ya misonobari ya Sao Hill wasitafute kingine.

Namba mbili ni dawa ya kuondolea lami na wadudu, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari kule Kariakoo, upande wa Gerezani. Ni ghali kuliko spiriti, lakini kwa utomvu mweupe wa mfenesi au mkuyu, ule ulimbo unaovutika, spiriti itakuchosha bure. Soma chupani uhakikishe imeandikwa kuwa ni salama kwa rangi ya gari.

Kabla ya kuinunua, jaribu kilichopo jikoni. Anayepasua fenesi hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu ili ulimbo usishike, na mafuta hayohayo yanaulegeza juu ya gari. Yapake, yaache dakika chache, futa, kisha osha kwa shampuu, la sivyo vumbi lote la barabarani litakuja kulala hapo. Nayapa nafasi ya tatu kwa sababu ya usumbufu huo tu.

Klei ya kusafishia rangi, bonge laini kama udongo wa kufinyanga, ni ya nne. Inanyofoa mabaki yanayokwaruza kidole baada ya utomvu kutoka. Inataka maji mengi ya shampuu na mkono mwepesi, na kipande kikianguka chini kitupe, maana mchanga uliokinasa utachora gari lote. Mafuta ya taa ni ya mwisho, kwa tone gumu tu, na yaoshwe mara moja.

Thina, petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha usinunue kwa kazi hii. Zinaweza kufifisha rangi, na taa za mbele za plastiki zinaingia ukungu usiotoka. Stilwaya sina haja ya kuieleza. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu ambalo mafundi wanaliita kliya. Mara nyingi lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, jembamba kuliko unywele wa watu wengi. Likiisha, hakuna polishi ya kulirudisha.

Hapa nasisitiza sana. Magari mengi tunayoendesha ni mitumba kutoka Japani, na mengi yameshapigwa rangi tena hapa mjini, paneli moja au gari zima. Rangi iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha iwe ngumu, huvumilia. Ile ya kukauka kwa hewa tu inaweza kulainika hata kwa spiriti. Basi anza na sehemu iliyojificha, ndani ya fremu ya mlango: gusa kwa pamba yenye spiriti, subiri kidogo, itazame pamba. Ikitoka na rangi ya gari, acha, rudi kwenye mafuta ya kupikia. Gari lililopakwa rangi wiki chache zilizopita usiliguse kwa spiriti hata kidogo.

Kazi ifanye asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi. Osha vumbi kwanza. Lowanisha kitambaa cha maikrofaiba kwa spiriti, kilaze juu ya doa kwa nusu dakika, kisha futa bila kukandamiza, ukigeuza upande safi kila mara. Doa likigoma, rudia kulowanisha, usiongeze nguvu. Ukimaliza osha, kausha, na upake nta mahali hapo, kwa kuwa spiriti inaondoka na nta iliyokuwepo.

Ukipeleka gari kwa vijana wa kuosha magari, nenda na chupa yako na kitambaa chako. Kijana akikuambia ana dawa yake, mwombe kwa upole aifungue uinuse. Ikinuka thina, mwambie aoshe kwa maji na shampuu tu, utomvu utautoa mwenyewe nyumbani.